Eliakim Onchwari na Bendera za Kivuko cha Tolliver

Mchungaji Harrison, wazee wa kanisa, wifi yangu Lois, watoto, majirani, na nyote mlioacha shifti zenu ili mje kumsindikiza ndugu yetu, mimi naitwa Kwamboka, naishi Woodbury, hapa hapa Minnesota, ndiye dada anayemfuata Eliakim kwa kuzaliwa, na familia imenituma niwasomee maisha yake, kuanzia Muhoroni alikozaliwa hadi hapa tulipomlaza mbele yenu. Niseme mapema kwamba jana wazee wawili wa ukoo waliniomba kwa upole niiruke sehemu ya Tolliver, wakasema msiba si mahali pake, nami nikawajibu, kwa upole pia, kwamba kama hawaitaki wamtafute msomaji mwingine. Basi mnaniona nimesimama.

Marehemu Eliakim Onchwari Mairura alizaliwa tarehe 14 Mei 1966, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, Muhoroni, akiwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Zachariah Mairura na marehemu mama Kerubo, wenyeji wa Nyamira. Baba yetu alikuwa mlinda kivuko, yaani pale barabara inapokata reli yeye ndiye aliyesimama na bendera mbili, nyekundu na ya kijani, treni ikikaribia ananyoosha nyekundu, malori na mikokoteni na ng'ombe wote wanasimama, ikishapita anainua ya kijani, na hatukuwahi kusikia kwamba mtu aliguswa na treni baba akiwa zamu. Eliakim alijua kuzishika bendera hizo kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na mama alikuwa na kazi ya kumfukuza relini kwa mwiko.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Muhoroni kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, akaenda sekondari ya bweni huko Nyamira, akamaliza kidato cha nne mwaka 1983, akiwa hodari wa hesabu na jiografia, na mbovu kabisa wa kuimba, jambo ambalo kwaya ya kanisa hili inalifahamu, maana alijaribu kujiunga nayo na akaombwa ashughulike na viti. Mwaka 1985 aliajiriwa na reli kama karani wa stesheni, akahamishwa Nakuru, Kisumu na Nairobi, na kote alikopita alisifiwa kwa mambo mawili, kutochelewa kazini na kutopokea kitu cha mtu.

Hapa lazima nieleze jambo la mwaka 1988, kwa sababu bila hilo hamtamwelewa. Mkubwa mmoja mpya aliletwa Muhoroni, akaja na wapwa na mabinamu, akawapanga kazini kama mtu anayepanga vyombo vyake kabatini, na baba yetu, aliyekuwa amekilinda kivuko kile tangu kabla Eliakim hajazaliwa, aliambiwa asubuhi moja akabidhi bendera kwa kijana asiyejua hata ipi inashikwa kwa mkono upi. Baba alikabidhi, akarudi nyumbani, akajilaza kitandani na viatu vyake, na hakuwa mtu yule tena hadi tulipomzika mwaka 1991. Pale kaburini Eliakim alikula kiapo, tukimsikia sote, kwamba mkono wake hautampendelea mtu wa kwao maisha yake yote, na jamani, kiapo hicho alikitunza kupita kiasi, alikitunza hadi kikatuumiza.

Tarehe 13 Desemba 1992, siku ya Jumapili, alifunga ndoa na Lois Kemunto, muuguzi, kanisani huko Nyamira, bwana harusi akifika baada ya watu kula, kwa kuwa treni yake mwenyewe ilichelewa kuingia Kisumu, na wifi yangu hajaacha kumkumbusha hilo hata akiwa mgonjwa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Stacy Kerubo, aliyezaliwa Kisumu tarehe 3 Agosti 1995, na Ken Zachariah, aliyezaliwa Nairobi tarehe 21 Januari 1999, ambaye anaelewa kila neno ninalosoma hapa, ingawa nikimwuliza kitu atanijibu kwa Kiingereza. Lois ndiye aliyetangulia Minnesota mwaka 2005 kwa kazi ya hospitali, na Agosti 2007, reli ilipokuwa imepunguza watu na Eliakim akiwa miongoni mwao, akamfuata pamoja na watoto, wakaishi Eagan kwanza, kisha Coon Rapids hadi leo.

Kama wengi wenu, alianza kwa kuogesha na kulisha wazee katika nyumba ya wazee, shifti mbili mbili, huku akisoma, na Mei 2014 akapata shahada ya mipango ya uchukuzi akiwa na miaka arobaini na minane, akatupigia simu mmoja mmoja akiwa bado amevaa joho. Mwaka uliofuata aliajiriwa na ofisi ya uchukuzi ya kaunti moja ya hapa Twin Cities, ambayo familia imekubaliana nisiitaje, na kazi yake ilikuwa kuandaa maombi ya ruzuku kwa serikali kuu, zile fedha za kukarabati reli na kuweka usalama mahali barabara inapokata reli. Ninyi mliokuwa mkimwuliza kila mwaka anafanya kazi gani hasa, ni hivi, kaunti ina vivuko vingi visivyo na geti, serikali kuu haiwezi kuvitengeneza vyote kwa mara moja, basi mtu lazima akae chini aonyeshe kipi ni cha hatari zaidi, treni ngapi zinapita, magari mangapi, nani aliwahi kugongwa, gari la wagonjwa hukwama kwa kiasi gani, halafu vichache vinapelekwa Washington, na vinavyobaki vinangoja. Aliipenda kazi hiyo kuliko usingizi, na kuna vivuko mnavyovipita mkienda kazini, geti likishuka mnatazama saa mnanung'unika, na hamjui kwamba ni yeye aliyeliombea fedha.

Sasa Tolliver. Nyote mmepita pale asubuhi hii, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kuingia kanisani hapa, njia mbili za reli, taa, kengele, na geti hakuna. Mwaka 2022 ofisi ilikuwa inaandaa ombi, vivuko vitano vikigombea nafasi tatu, na Tolliver kilikuwa cha pili kwa hatari, hayo si maneno yangu, ni yake mwenyewe. Bosi wake, ambaye yuko nasi leo, ameniambia kwamba Eliakim angeinua tu mkono akasema hapo ni kanisani kwangu, mwingine aamue, jambo lingekwisha na kila mtu akaendelea na kahawa yake. Lakini ndugu yangu aliona haya hata kukitaja, aliogopa watasema huyo Mkenya amepata kiti na sasa anawagawia wenzake, akauona mbele yake uso wa yule mkubwa wa Muhoroni, na kwa mkono wake mwenyewe akakitoa Tolliver, akaweka mahali pake kivuko cha huko mashambani kisichopitiwa na magari mengi.

Na angalau angenyamaza! Sabato moja ya Oktoba mwaka huo, ombi likiwa limeshapelekwa, wazee walimwuliza habari za geti, akasimama hapa hapa akasema, "Ndugu zangu, sikuja Amerika kufanya ukabila, Tolliver nimekitoa mimi, kitangoja zamu yake." Mchungaji Harrison, utanisamehe, ulimwita mbele ukamshika mkono ukasema huyu ndiye mtumishi mwaminifu, na sisi tukasema Amina, kanisa zima, tukaongeza na makofi, tukaenda kula tukijisikia watu wema sana. Mumbi alikuwa kwenye kwaya, mstari wa mbele, naye alisema Amina.

Mumbi hahitaji kujulishwa kwa wenyeji, ila kwa wageni niseme ni muuguzi, ni sauti ya kwanza ya kwaya yetu, ni Mkikuyu anayetucheka Wakisii kwa lafudhi yetu ilhali yake tunaijua. Sabato ya tarehe 18 Februari 2023 alikuwa anakuja kuimba, barabara barafu tupu, theluji imegandamana kwenye taa za Tolliver, na jua la asubuhi liko machoni pake, hivyo alipotambua kwamba taa zinawaka alikuwa tayari amekaribia, akakanyaga breki, gari likateleza likaishia juu ya reli, treni ikaligonga. Kama lingekuwepo geti limelala barabarani, angeliona kutoka mbali, hilo kila dereva hapa analijua. Mungu alimtoa akiwa hai, ila mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti, na Eliakim, aliyekuwa anapanga viti, alisikia honi ya treni kutoka pale mlangoni mnapoona maua.

Tulimfariji, tena tulimfariji haraka haraka, kwa sababu ile Amina yetu ilikuwa bado inatukwama kooni na tulitaka anyamaze ili nasi tupumue. Tukamwambia ni ajali, tukamwambia ni barafu, mzee mmoja akamwambia ni kazi ya shetani, na Eliakim akamjibu, "Shetani hajawahi kuajiriwa na kaunti." Akaenda kwa bosi wake akamweleza yote bila kujitetea, akataka kuacha kazi, akakataliwa, ila kuanzia siku hiyo uamuzi wa kuchagua vivuko akapewa mtu mwingine, naye akabaki mwandishi tu.

Theluji ilipoyeyuka, Aprili 2023, Lois alimshonea bendera mbili, nyekundu kutokana na pazia la sebuleni na ya kijani kutokana na kanga yake mwenyewe, na kila Sabato ndugu yangu akawa anasimama kando ya barabara pale Tolliver, kabla ya ibada na baada yake, mvua au jua, akituvusha kama baba alivyowavusha watu wa Muhoroni. Polisi alikuja mara moja, akamsikiliza, akamwambia asikanyage reli na avae fulana ya kung'aa, na kesho yake Eliakim akainunua. Vijana walimwita Stesheni Masta, Ken alimwambia kwa Kiingereza kwamba watu wanampiga video na inatia aibu, na mimi mwenyewe nilimwambia, "Baba Stacy, utagandia hapo bure," naye akainua ya kijani, akaniashiria nipite.

Mumbi alirudi kanisani Septemba ya mwaka huo, na mguu wa bandia, aki-drive mwenyewe. Eliakim alipoliona gari lake aliinua kijani juu kabisa kwa mikono miwili, lakini Mumbi alisimama, akazima redio, akateremsha kioo, akatazama kushoto, akatazama kulia, akasikiliza, kisha akavuka kwa hesabu yake mwenyewe bila kuigeuzia bendera hata jicho. Alifanya hivyo kila Sabato, kwa miaka, na sisi tuliokuwa nyuma yake foleni tulikuwa tunainamisha vichwa tukijifanya tunatafuta kitu kwenye simu.

Mwaka 2024 ruzuku ilifunguliwa tena, na safari hii Tolliver kilikuwa cha kwanza, na kilichokipandisha juu, ndugu zangu, ni mguu wa Mumbi, maana kivuko kilichomwumiza mtu hupewa uzito kuliko kile kinachosubiri kumwumiza. Eliakim alisema hawezi kuiandika habari hiyo bila ruhusa ya mwenye mguu, basi Jumapili moja akaenda kwa Mumbi pamoja na Lois, akapiga magoti sebuleni, akaomba mambo mawili, msamaha, na ruhusa ya kuandika. Mumbi akamwambia, "La pili, andika. La kwanza nitakujibu siku nitakayoona geti linashuka." Na chai hawakupewa, mnajua nyumbani kwa Mumbi chai huwa inakukuta mlangoni, siku ile hata sufuria haikusikika.

Ombi lilipelekwa Septemba, na Januari 2025 likaja jibu kwamba limekubaliwa, tukashangilia, tukadhani geti litafika Ijumaa. Lo, hatukujua! Serikali ikisema imetoa, maana yake imesema, halafu kuna mikataba, kuna michoro, kuna kampuni ya reli kuweka sahihi, kuna ardhi iliyoganda kulainika, na kila tulipomwuliza Eliakim alitueleza yote hayo kwa uvumilivu. Alitaka kulisikia jibu la Mumbi. Hakutaka kitu kingine duniani, sisi wa nyumbani tunajua, na geti likawa ndilo linalomkawiza.

Juni 2025 alianza kulalamikia tumbo, na tarehe 22 Julai madaktari wakamwambia ni kansa ya kongosho na imesambaa, naye hakuuliza kuhusu dawa, aliuliza kama atafika mwaka kesho wakati wa kiangazi, maana ndipo ujenzi wa Tolliver ulipotarajiwa kuanza. Aliendelea kusimama pale, kisha akawa anakaa kwenye kiti, kisha Novemba, Sabato yake ya mwisho, Lois aliegesha gari kando ya barabara naye akaitoa bendera dirishani, na Mumbi akapita vile vile, kushoto, kulia, akavuka. Tangu siku hiyo Tolliver kimebaki na taa na kengele yake.

Wazee walipoanza kupanga namna ya kumsafirisha nyumbani Nyamira, alikataa, na najua wengine wenu mna kinyongo juu ya hilo, mnasema tumemtupa ugenini, basi sikieni maneno yake aliyotuambia kitandani, "Mguu wa mtu umebaki katika ardhi hii kwa sababu yangu, mimi mzima niende wapi?" Lois alilia, mimi nilitoka nje nikasimama gereji, roho inaniuma hadi leo, kwa sababu nilikuwa na miaka mitatu ya kumwambia kwamba ile Amina ilikuwa yetu pia, kwamba si yake peke yake, na nilichomwambia ni kwamba atagandia barabarani. Tulimwachia abebe peke yake jambo tulilolipigia makofi pamoja. Ndilo lililonifanya nikatae kuiruka Tolliver, wazee wangu, wala si ubishi, ingawa ubishi nao ninao.

Ndugu yetu Eliakim alifariki nyumbani kwake, Coon Rapids, Alhamisi tarehe 5 Machi 2026, mchana, Lois akimshika mkono na watoto wote wawili wakiwapo, akiwa na miaka hamsini na tisa, na geti la Tolliver halijafika.

Familia inawashukuru madaktari waliomtibu na wauguzi waliokuja nyumbani na kumtunza kwa heshima, inawashukuru majirani wa Coon Rapids waliosafisha theluji mlangoni petu bila kuombwa, inawashukuru wenzake wa ofisini, walioahidi mbele yetu kwamba faili la Tolliver halitalala, na sisi tumesikia na tutawauliza, inamshukuru Mchungaji Harrison na kanisa hili kwa sala, sufuria na viti.

Imebaki shukrani moja ambayo hatujui kuitoa. Ijumaa alasiri Mumbi alikuja nyumbani, watu wamejaa, akapewa kiti hakukaa, akapewa chai hakuipokea, akamwendea Lois moja kwa moja, akauliza, "Bendera ziko wapi?" Lois alidhani anataka kuziona, akamwambia ziko chumbani, zimekunjwa, tunaziweka kwenye jeneza azikwe nazo, na Mumbi akasema, "Msizizike. Geti bado." Hakusema neno la msamaha, mimi nilikuwepo, na sikumwuliza, wala yeyote kati yenu asimwulize. Alizichukua, akaziweka kwapani, na ndipo akaketi akainywa chai.

Kama mmetazama kwaya mmeona nafasi yake iko wazi, ni kwa kuwa ametangulia, yuko Tolliver sasa hivi, amevaa ile fulana ya kung'aa, inampwaya. Gari la maiti litakuwa la kwanza, kisha Lois na watoto, kisha sisi, na makaburi yako ng'ambo ya reli, kwa hiyo kila gari hapa litapita mikononi mwake. Akinyoosha nyekundu simameni, akiinua kijani piteni, polepole, msimpungie, msimpige picha, na mkishavuka msigeuke nyuma kumtazama, hapendi. Kaka yangu, leo wewe ndiye unayevushwa, na bendera zina mwenyewe, basi zamu yako imekwisha, pumzika.